Nyasi Alizokata Wambura

Nimekubali, Nyangeta. Kaka yako atazikwa.

Nimemwita baba yako mkubwa Magesa leo mchana nikamwambia kwa mdomo wangu huu huu, baba yako akiwepo, kuku wakiwepo. Magesa alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na ng'ombe. Akaniuliza, "Shemeji, umekunywa nini?" Nikamwambia nimekunywa uji kama siku zote, na aende haraka akawaambie wazee wenzake kabla sijageuka. Ameondoka bila kumaliza chai, yeye ambaye hajawahi kuacha chai ya mtu.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo mwanangu? Najua umefika kwa shangazi yako hapo Nyakato, Musoma, maana ametuma meseji kwamba umefika na macho mekundu na umekataa chakula. Kula. Shangazi yako akipika sato ukamkatalia atalisema mpaka wajukuu zako.

Barua hii anakuja nayo baba yako. Atalala hapo ili alfajiri akupeleke stendi. Sasa hivi yuko nje amevaa lile koti lake la kwenda harusi za watu, kijana wa bodaboda amezima pikipiki, wote wawili wananingoja mimi. Baba yako ameshachungulia. "Mama Wambura, umemaliza?" Bado. "Unaandika Biblia?" Nimemwambia akae kwenye kivuli.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa bweni wala kuangalia pochi kwenye basi. Shangazi yako atakuambia hayo mpaka masikio yakuume. Mimi nataka nikueleze ni kwa nini leo asubuhi nilikujibu vile, na ni kitu gani kimetokea baada ya wewe kuondoka. Kwenye simu ningelia, na wewe ungesema mtandao unasumbua.

Asubuhi uliniomba kitu kimoja tu. Ulisema, "Mama, twende wote Musoma, ulale kwa shangazi, kesho unisindikize." Mtoto wa kwanza wa kitongoji hiki kwenda chuo kikuu, tena wa kike, tena wa kwangu! Nilipaswa nivae kitenge kipya nipite nyumba kwa nyumba nikiwaamsha watu waje wakutazame. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Nani atamwashia Wambura taa?"

Ukafunga begi lako kwenye pikipiki kwa ile kamba ya mpira. Ukanitazama. Ukasema, "Mama, Wambura alishaondoka. Mimi ndiye ninayeondoka leo." Hukupaza sauti. Ungepaza sauti ningekujibu, unajua kujibu sijambo. Ila ulisema taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, ukapanda, mkaenda.

Sasa sikiliza, nikuanzie mbali kidogo.

Mimi ninajisifu, hilo unalijua, na sababu ninazo. Shule niliishia la saba, hesabu zilinitoa jasho. Lakini nilipoolewa hapa Butiama nikitokea kule ziwani, wanawake wa hapa walikuwaga wananicheka. "Mtoto wa wavuvi, huyu atajua nini zaidi ya kukaanga furu?" Nikanyamaza nikajifunza nyasi. Nikajua ipi inafaa ng'ombe, ipi inafaa fagio, ipi ukiezekea itakuvujia mwaka uleule, na ipi ukiikata kwa wakati wake, imeshatoa mbegu, imekauka ikiwa bado imesimama, itakulalia paani miaka na wewe usisikie tone. Mama mkwe wangu mwenyewe akaanza kunituma nikawachagulie wenzangu. Nikipita, wanasema, "Muulizeni huyo wa ziwani." Nilikuwa napita polepole ili wapate nafasi ya kusema.

Wambura alipokua akafikia umri wa kulala kwenye nyumba yake, kama vijana wa huku, baba yako alitaka kumwekea bati. Yalikuwepo mabati machache, ya kuungaunga. Mimi nikakataa. Nikasema mzaliwa wangu wa kwanza hatalala chini ya bati lenye matundu ya misumari ya watu wengine, mvua ikinyesha limpigie kelele kama debe. Nikasema nyasi. Na nyasi za hapa karibu nikazikataa pia, nikasema fupi, zimeliwa na mifugo. Nikamtuma Bunda, kwenye mbuga kule chini, ambako nyasi zinampita mtu mzima. Alikwenda na baiskeli, akawa analala kwa mama yako mdogo kule Manyamanyama, asubuhi anakwenda kukata, jioni anarudi. Wewe ulikuwa darasa la pili. Ulimwomba akuletee panzi wa kijani.

Jioni moja hakurudi.

Hili sijawahi kukusimulia lote, ulisikia vipande vipande kwa watu. Wanaume walipokwenda kumtafuta na mimi nilikwenda, hakuna aliyeweza kunizuia. Tuliikuta baiskeli imelazwa. Galoni la maji limebaki nusu. Na matita ya nyasi, Nyangeta, matita mazuri, yamefungwa, yamesimamishwa yameegemeana kama watu wanaongea. Mundu haukuwepo. Kutoka pale nyasi zilikuwa zimelala kuelekea ndani, hatua chache tu, halafu zimesimama kama kawaida, kama hakuna mtu aliyepita. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na kitambaa, wala kiatu. Waliingia na mbwa, wakaingia askari wa wanyamapori, wakapiga yowe mpaka sauti zikakauka. Upepo ulikuwa unavuma, na ile mbuga nzima inainama, inainuka, inainama, kila mahali unaona kama mtu anatembea ndani yake. Niliita kila mahali palipotikisika. Mpaka leo nikiona nyasi ndefu zinatikisika nafungua mdomo.

Magesa alisema yale matita yasiingie nyumbani. Nikayaleta. Wanaume wakakataa kuezeka, wakasema nyumba ya mtu ambaye hajulikani alipo haiezekwi. Nikapanda mwenyewe. Unajua mwanamke wa huku hapandi juu ya paa. Watu walisimama njiani wakanitazama, mwingine akasema, "Wa ziwani amechanganyikiwa." Niliezeka na nyasi zake zote mpaka kileleni. Nikasema akirudi atakuta nyumba iko tayari, na kila jioni nikawa namwashia taa humo ndani.

Kisha nikaanza kutafuta. Nilikwenda Musoma kwenye ofisi moja ya serikali. Nimetembea, nimechoka, nikaona bustani safi mbele ya ofisi, nikakaa. Mlinzi akaja mbio. "Mama, toka hapo! Hujaona kibao?" Kibao kimeandikwa kwa Kizungu, keep off the grass, usikanyage nyasi. Nikamwambia, "Nimekiona. Hiyo grass naijua tangu darasa la tatu. The cow eats grass. Sasa hii ya kwenu ng'ombe hali, nyumba haiezekwi, mnaifanyia nini?" Akacheka, akaangalia chini. "Inatazamwa tu, mama." Nikasema haya, mimi nina mtoto amepotea kwenye zile zisizotazamwa. Akaenda kuniletea kiti chake mwenyewe. Ndani, mtu wa mezani hata hakuniangalia. Aliniuliza, "Kijana alikuwa anavuta majani?" Nikamjibu mwanangu anakata nyasi, havuti. Akaandika anachotaka. Wewe juzi ndiyo umeniambia hata huko Uingereza wahuni bangi wanaiita kwa jina hilohilo la nyasi, na mtu anayewauza wenzake polisi naye wanamwita hivyo. Nikajiuliza nyasi imewakosea nini watu wa kule.

Halafu kuna hili la Bugwema. Sijamwambia mtu, hata baba yako.

Mtu alisema ameona kijana anafanya vibarua kwenye mashamba ya Bugwema, kimya kimya, anafanana na Wambura. Niliondoka nikasema nakwenda kumwona mgonjwa. Nilibeba shati lake jipya. Nikafika shambani nikawaona vijana wanapalilia, wamenipa mgongo, na mmoja wao, shingo ile, mabega yale, hata namna ya kusimama akipumzisha mguu mmoja. Nikaita, "Wambura!" Akageuka. Akasema, "Naam, mama."

Sura haikuwa yake. Lakini jina lilikuwa lake, naye ni Wambura, wa watu wengine, mama yake yuko Tarime. Yule kijana hakuuliza maswali. Alinikalisha, akanipa maji ya kwenye dumu lao, akanisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima ananiita mama. Nilimwachia shati. Nikarudi nikasema mgonjwa anaendelea vizuri. Tangu siku hiyo ndani ya ndoto ni yule wa Bugwema anayegeuka, uso wa mwanangu nimeanza kuupoteza, na hilo ndilo linanitisha kuliko yote.

Baba yako amechungulia tena. Anasema jua. Nimemwambia jua lake aliweke mfukoni.

Sasa kuhusu wewe. Nilichokukosea nakijua, na ninajua unakijua, ila hatujawahi kukitaja.

Nilikufanya utunze nyumba ya mtu ambaye hukumkumbuka vizuri. Kila asubuhi kabla ya shule unang'oa nyasi kwenye kile kinjia cha kwenda mlangoni kwake, ili mtu asiseme kwa Wambura kumeota nyasi. Wenzako wanacheza, wewe unafagia kibanda. Ulipopata kipaimara sikupika, nikasema hatufanyi sherehe kaka yako hayupo. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, hivyohivyo. Blanketi zuri lilikuwa kule. Mwaka ule wa mvua kubwa ulikosa shule wiki nzima unanirushia nyasi nikiongeza juu ya zile za zamani. Ulinirushia vizuri, hukuwahi kukosea hata tita moja, na mimi ninayesifia hata mbuzi wangu sikukusifu.

Na kuna jioni ile. Ulikuwa darasa la tano. Mvua ilikukuta nje ukakimbilia kwa Wambura, ukajifunika blanketi, ukalala. Mimi nikaja na taa. Nikasukuma mlango nikaona kitandani kuna mtu. Nyangeta, moyo wangu ulipaa. Nilicheka kwa sauti, nikafunua blanketi, na ukawa ni wewe.

Uliamka ukauona uso wangu. Sikukupiga, sikukugombeza. Ila uliuona uso wangu ulivyoanguka, na ulikuwa na akili ya kutosha kuelewa kwamba umeanguka kwa sababu ni wewe. Ukasema, "Samahani, mama." Unaomba samahani kwa kuwa nani? Nilitakiwa nikuchukue pale pale nikubebe. Nikasema, "Tandika vizuri ukitoka."

Mtoto hatakiwi kuona uso kama ule kwa mama yake. Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu, nimetoka nje kunywa maji, nimerudi. Kijana wa bodaboda anasema, "Mama, si useme tu, mzee atamwambia." Nimemwambia mzee wangu akipewa salamu kumi anafikisha mbili.

Nikafikiri tumeshapita hapo. Ulikua, ukafaulu, ukaniambia umechaguliwa Morogoro kusomea malisho. Wakatucheka sana, unakumbuka? Yule jirani mwenye duka, "Mtoto anakwenda mpaka Morogoro kusomea nyasi? Ng'ombe wangu wamezijua bila kwenda shule." Nikamwambia ng'ombe wake ndiyo maana wamekonda, wangoje mwanangu arudi awafundishe. Alicheka yeye mwenyewe mpaka akaniongezea sukari. Nilijisifu kijiji kizima. Lakini kila niliposema mwanangu amechaguliwa, mtu akiniuliza mwanangu yupi, kuna sekunde moja nilikuwa nasita, na nadhani hata hiyo uliiona.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua maharage ukanisomea kwenye simu, asili ya lile neno lao. Ulisema grass imezaliwa tumbo moja na neno lao la kukua na neno lao la rangi ya kijani, tangu zamani sana, kabla hata hawajajua kuandika. Nilicheka. Nikakuambia basi Wazungu waliiona asubuhi moja baada ya mvua wakaipa jina kwa haraka, hawakungoja waone kazi yake. Kwetu huku nyasi tunaitambua kwa kazi. Ya ng'ombe. Ya fagio. Ya paa. Na ya paa haikatwi ikiwa kijani, ukiikata kijani itaoza na nyumba itakunukia. Inangojwa ife yenyewe ikiwa imesimama. Ndiyo iwe na kazi. Nilikuambia hivyo kwa majivuno, kama mwalimu, maharage yanamwagika. Wewe ukaniangalia tu. Ulikuwa unanipa nafasi nijisikie, nami sikujisikia.

Leo nimejisikia.

Ulipoondoka nilikasirika. Nikachukua fagio nikaenda kwa Wambura, nifanye kazi yangu hasira zipungue. Mvua za vuli zimeanza vizuri, unaona mwenyewe. Nikasimama mlangoni nikainua macho, na paani kumeota nyasi. Mbichi, Nyangeta. Kijani ile ya kuumiza macho. Paa lote upande wa ziwani limekuwa kama kitalu. Zile nyasi nilizokuwa nazipanga juu mwaka hadi mwaka zimeoza zimekuwa udongo, na mbegu zimeshuka humo zikaota.

Baba yako alikuwa kwa ng'ombe. Nikaleta ngazi nikapanda, na umri huu, na magoti haya. Nikaingiza mkono. Tabaka zangu zote zinatoka kama samadi, nyeusi, zina minyoo. Nikachimba. Nikachimba mpaka mkono ukazama begani, na chini kabisa, kwenye fito, nikagusa kitu kikavu. Nikavuta. Ni za kwake. Zina rangi ya asali mpaka leo. Hazijavuja, hazijaguswa na mchwa, na fundo lake liko vile alivyolifunga, alikuwaga anazungusha mara mbili halafu anaificha ncha kwa ndani, nani alimfundisha sijui, mimi sifungi hivyo.

Alinizidi. Mimi ninayejisifu kutoka hapa mpaka ziwani, nyasi zangu zimeoza na za mtoto zimekaa. Nilicheka kule juu peke yangu. Kisha nikalia, na jirani wa dukani aliniona, kwa hiyo kufikia kesho utasikia kwamba mama yako amepanda paa tena na amechanganyikiwa tena. Mjibu unavyotaka.

Ninachotaka ujue ni kwamba nilikuwa nimekaa juu ya kaburi. Nilikuwa namfukia kila mwaka kwa mikono yangu, nyasi juu ya nyasi, na nilikuwa nakuita wewe unirushie, halafu ninasema sijamzika. Taa zile zote nilikuwa naziwasha makaburini. Na wewe ulikuwa chini unaniangalia, ukinisubiri nishuke.

Nikashuka. Nikamwita Magesa.

Utaratibu wa ukoo wa baba yako unaujua: mtu aliyepotea asionekane, nyasi zinafungwa tita la urefu wake, zinafungwa sehemu tatu, kichwani, kiunoni na miguuni, linavishwa shuka lake, linalazwa kaburini kama mtu. Ndiyo tita nililolikataa miaka yote hii, nikawafukuza wazee hapa kwa maji ya vyombo. Magesa alisema nyasi zitoke kule mbugani alikopotelea. Nikasema hapana, zitatoka kwenye paa lake, zile alizokata yeye. Akasema, "Shemeji, nyumba itabaki wazi." Nikamwambia, "Ibaki wazi, inyeshewe." Akasema, "Tungejua ungekubali hivi tungeng'oa paa zamani." Nikamwambia angethubutu angezikwa yeye kwanza. Hapo baba yako akacheka, Nyangeta. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yako ana meno.

Katekista nimempigia simu. Anasema atakuja kusali, ila tita lisiingizwe kanisani. Nikamwambia sawa, wala mimi sina haja ya kulitembeza.

Limebaki jambo moja, na ndilo limewachelewesha hawa hapo nje. Upande wa kichwa unabebwa na ndugu anayemfuata aliyepotea. Anayemfuata ni wewe. Magesa akasema wewe ni wa kike, atafute kijana wa baba mdogo. Nikamwambia hakuna kijana wa baba mdogo aliyeng'oa nyasi kwenye kinjia kile kabla ya shule. Akabisha. Nikamwambia basi narudi kwenye msimamo wangu wa zamani. Akakubali, anaogopa nitageuka.

Lakini sikulazimishi. Umembeba vya kutosha. Ukisema huwezi, nitabeba mimi kichwa, baba yako atabeba miguu, na sitakuuliza kwa nini, wala sitakuhesabia. Ila ukija, nataka uje kama Nyangeta. Nitapika. Tukimaliza kwa kaka yako tutakula, na nitasema mbele ya watu wote wa Butiama kwamba huyu ni mwanangu anayesoma chuo kikuu, na mtu akiuliza yupi, sitasita.

Nyasi za kwenye kile kinjia usiwe na wasiwasi nazo. Nimeziacha.

Kesho sitakuwa stendi, pikipiki haibebi watatu na baba yako ameshavaa koti. Lakini basi lenu lazima lipite njia panda ya Makutano. Nitakuwa pale kabla hapajakucha vizuri, nimevaa kile kitenge kipya. Kaa dirishani. Dereva akisimama nitakupa maziwa mgando niliyokuwekea, asiposimama nitapunga mkono na maziwa nitakunywa mwenyewe. Taa ya leo siiwashi. Nitalala mapema ili niwahi.

Chuoni soma hizo nyasi zote walizonazo. Ukikutana na ile ndefu ya mbugani, usiniandikie jina lake la kitaalamu, niandikie tu kwamba umeiona na hujambo.

Basi, baba yako amewasha pikipiki mwenyewe, na hajui kuizima. Magesa ameshapita kwa wazee wote, na kwa mama yako mdogo Manyamanyama taarifa imefika, na kwetu ziwani watakuja na mtumbwi mzima wa samaki. Chuo watakuwa wamewafungia likizo. Mazishi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, asubuhi. Wewe nakutegemea Ijumaa.

Mama yako.